Tangu Kipande Hata Debe: Habari za Ujira Katika Nchi ya Karatu

Kitabu hiki kidogo kimetolewa kwa kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika. Katika kurasa nyingine wanachama watasoma habari za maghala, mikopo, mbegu na masoko. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya jambo ambalo si desturi kulitaja siku ya sherehe, nalo ni ujira: malipo ya mtu anayefika shambani alfajiri na jembe lake au kikapu chake, akafanya kazi ya mwenzake mpaka jua likapinda, kisha akarudi kwake.

Yamkini mwanachama atauliza: Habari hizi zatuhusu nini sisi wakulima, maadam ushirika wetu ni wa kuuza mazao? Jibu letu ni kwamba mazao hayo hayapandwi, hayapaliliwi wala hayachumwi kwa mikono yetu peke yake. Wakati wa kuchuma kahawa katika miteremko ya Oldeani, na wakati wa kung'oa vitunguu huko Mang'ola, ni wachache miongoni mwetu wasioita vibarua. Kwa hiyo mwanachama wa ushirika husimama mahali pawili. Mbele ya mnunuzi wa mazao yeye ni muuzaji, naye hudai bei ya haki. Mbele ya kibarua yeye ndiye mnunuzi, na kitu anachonunua ni nguvu za mtu. Twataka kusimulia jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana tangu zamani, ili tujue tumerithi nini na tunadaiwa nini.

KODI, KADI NA KIPANDE

Kabla ya utawala wa Wajeremani kazi kubwa za shamba zilifanywa kwa kusaidiana. Majirani walialikwa kulima au kuvuna, mwenye shamba akawaandalia chakula na pombe, na zamu ya mwingine ilipofika naye alikwenda kulipa kwa jasho lake. Hatusemi kwamba hapakuwa na wavivu wala wachoyo siku zile. Lakini deni la kila mtu lilijulikana kijijini, na aliyekula jasho la majirani bila kulipa alikosa watu mwaka uliofuata.

Ujira wa fedha uliingia pamoja na kodi. Tangu mwaka 1898 serikali ya Wajeremani ilitoza kodi ya nyumba, na mojawapo ya makusudi yake lilikuwa kuwatoa watu majumbani wakatafute kazi ya fedha. Mwenye ng'ombe au nafaka ya ziada aliweza kulipa kwa mali yake. Asiye na cha kuuza aliuza nguvu zake. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, hata kodi haikuonekana kutosha. Mwaka 1907 uliwekwa huko utaratibu wa kadi: kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa, na asiyefanya hivyo aliweza kuchukuliwa kwa kazi za serikali. Huku kwetu Wajeremani walikuwa wachache siku hizo. Anayekumbukwa zaidi ni Adolf Siedentopf, ambaye kabla ya vita vya 1914 alikuwa na shamba na mifugo ndani ya Kreta ya Ngorongoro.

Walipokuja Waingereza kadi ile ilikwisha, lakini hesabu ya siku 30 ilibaki. Chini ya sheria ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wa Kiafrika, mtu wa kazi aliyetoroka kabla ya kutimiza mapatano yake alihesabiwa kuwa na kosa la jinai, akaweza kushtakiwa. Katika mashamba makubwa, hasa ya mkonge, kazi iliandikwa katika kipande. Kila siku mtu alipomaliza ngwe yake alitiwa alama, na alama zilipotimia 30 ndipo alipopata mshahara wake. Aliyefanya kazi kutwa bila kumaliza ngwe aliweza kurudi kambini bila alama, kana kwamba hakufika kazini.

Twaomba msomaji alitazame vizuri jambo hili. Mshahara wa kipande ulitajwa wazi, na kwa hiyo ulionekana kuwa ni mapatano. Lakini ukubwa wa ngwe haukuwa katika mapatano; ulipimwa asubuhi na mnyapara kwa ufito wake. Aliyelipa ndiye aliyeshika kipimo. Mwajiri aliweza kupunguza ujira bila kugusa hata senti moja ya mshahara, kwa kuongeza hatua chache tu katika ngwe.

Mwaka 1926 serikali ilianzisha Idara ya Kazi, chini ya Meja Granville Orde Browne, ili kukagua kambi, chakula na matibabu ya watu wa kazi. Bei za mazao zilipoanguka duniani kote, idara hiyo ikavunjwa mwaka 1931 kwa ajili ya kubana matumizi. Hivyo mkaguzi aliondolewa wakati ule ule ambapo mishahara ilikatwa na mtu wa kazi alimhitaji zaidi.

MASHAMBA YA OLDEANI

Mwaka 1925 Wajeremani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na katika miaka iliyofuata wengi wao walichukua mashamba Oldeani na karibu na Karatu, wakapanda kahawa. Ardhi hii ya miteremko ya Ngorongoro, yenye udongo wa volkano na baridi ya kadiri, yaifaa sana kahawa ya arabika. Shamba moja lililoanzishwa mwaka 1929 lilinunuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili na Mwingereza James Gibb, na mpaka leo lajulikana kwa jina lake.

Ardhi ilipatikana, lakini watu wa kazi hawakupatikana kwa urahisi. Wairaqw waliokuwa na mashamba yao na ng'ombe wao hawakuona sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Basi masetla walitafuta watu mbali, na wengi walitoka upande wa Singida na Kondoa, ambako njaa na kodi ziliwasukuma vijana kutoka kwao. Walikaa katika kambi za mashamba na kupewa posho ya unga. Baadhi yao hawakurudi makwao, na hii ni sababu mojawapo kwa nini leo Karatu tunakaa pamoja na Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi.

Masetla wengi walifikiri kwamba Mwiraqw hapendi kazi. Lakini mtu huyo huyo alilima shamba lake mwenyewe mlimani, akatia samadi, akazuia udongo usichukuliwe na maji, kazi ambayo wageni waliokuja kuitazama waliisifu. Hakuikataa kazi. Aliukataa ujira, na aliweza kuukataa kwa sababu alikuwa na chake.

Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajeremani walikamatwa, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Baada ya vita yakapewa wenyeji wapya. Wakati wa vita hivyo serikali ya Tanganyika iliwalazimisha maelfu ya watu kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi, kwa hoja kwamba mkonge, mpira na chakula vilihitajiwa vitani. Hivyo njia ya kuitumia serikali kumpatia mwajiri watu aliowakosa kwa ujira ilirudi tena, zaidi ya miaka thelathini baada ya kadi ya Wilhelmstal.

KAHAWA YA MKULIMA NA HOFU YA MWAJIRI

Twende sasa kwa jirani zetu wa Kilimanjaro, kwa kuwa huko ndiko ushirika wa kahawa katika nchi yetu ulikoanzia, na kisa chake chahusu ujira kuliko inavyodhaniwa. Wachagga walipoanza kupanda kahawa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, masetla wa Kaskazini walipinga. Walisema kwamba mkulima wa Kiafrika ataeneza magonjwa ya mimea na kuharibu sifa ya kahawa ya nchi. Lakini ilikuwako hofu nyingine pia: mtu mwenye kahawa yake mwenyewe atatoka nyumbani kwenda kuchuma ya mwingine kwa nini? Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama cha KNPA, chini ya urais wa Joseph Merinyo, ili kuilinda kahawa yao. Sheria ya vyama vya ushirika ilipopitishwa mwaka 1932, chama hicho kilifuatwa na KNCU.

Basi tangu mwanzo ushirika wa kahawa ulikuwa ni jibu la swali la ujira. Mkulima alijiunga na wenzake ili asiwe mtu asiye na la kufanya isipokuwa kukubali malipo yoyote atakayopewa, yawe ya mazao au ya jasho. Sisi wa Karatu tulioanza vyama vyetu baadaye tuliupokea urithi huo.

WATU WA KAZI WAJITETEA

Wale wasio na kahawa wala ng'ombe walipaswa kutafuta njia nyingine. Bandarini Dar es Salaam wachukuzi waligoma mwezi wa Septemba 1947, na mgomo wao ukaenea kwa watu wa kazi wengine hata miji ya bara iliyo kando ya reli. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa Tanganyika Federation of Labour, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Katika mashamba ya mkonge chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Victor Mkello kilidai mishahara na mazungumzo ya kweli, na migomo ya mwaka 1958 na kuendelea iliwafahamisha wenye mashamba kwamba siku za kipande zinakwisha.

Serikali iliunda Bodi ya Mishahara ya Chini kwa nchi nzima chini ya uenyekiti wa Chesworth, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1962. Mishahara ya chini ilipandishwa sana. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ukweli wataka tuseme pia yaliyofuata. Wenye mashamba makubwa walipunguza watu, wakaongeza ngwe za waliobaki. Na muda si mrefu bei ya mkonge ikaanguka, watu wakazidi kupunguzwa. Aliyebaki kazini alipata zaidi kuliko babaye alivyopata. Aliyeachishwa alirudi kijijini mikono mitupu. Mwaka 1967 mtaalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa, Profesa Turner, aliyaeleza mambo haya kwa serikali, na mwaka huo huo serikali ikaamua kwamba nyongeza za mishahara ziwe za kadiri, ziambatane na ongezeko la kazi inayofanywa.

Hapo twajifunza kwamba ujira hauwezi kutenganishwa na mambo mawili mengine. La kwanza ni bei ambayo mwajiri mwenyewe anapata. La pili ni kazi inayofanywa kwa ujira huo. Anayetaja moja na kuyanyamazia mengine hajamaliza hesabu.

AZIMIO NA SWALI LA JUHUDI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitia mkazo juu ya juhudi na maarifa, si fedha, kuwa msingi wa maendeleo. Lilitazama saa za kazi bila haya: likasema kwamba wenye mishahara mjini hufanya kazi kiasi cha saa 45 kwa juma, na kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote, ilhali wanaume wengi wa vijijini hupoteza muda wao. Wasomaji wengi walilikubali neno hili kwa kuwa walijua ni la kweli. Na mwaka ule ule, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mkulima anayeendelea kwa kuajiri jirani zake aweza kuleta vijijini tabaka la mabwana na watumishi, ambalo Uhuru ulikusudia kuliondoa.

Onyo hilo lilitugusa sisi wa Karatu kuliko wilaya nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa maendeleo wa Mbulu ulisafisha vichaka vya mbung'o, na familia nyingi za Kiiraqw zikashuka kutoka milima iliyojaa watu kuja kulima nyanda za Karatu. Hapo ngano ilistawi, na wakulima wa Kiafrika wakapata matrekta. Mtaalamu wa uchumi Philip Raikes, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1975, aliichunguza ngano hii ya Karatu kama mfano wa jinsi tabaka la wenye mashine na mashamba makubwa linavyoweza kukua miongoni mwa wakulima wenyewe. Basi kizazi kilichokataa kuchuma kahawa ya setla kilizaa watu waliohitaji madereva, wapalilizi na wachukuzi wa magunia.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo vimepitia sheria nyingine kadhaa, pamoja na ile ya mwaka 2013. Wilaya ya Karatu nayo ilitengwa na Mbulu katika miaka ya 1990. Mambo mengi yamebadilika. Lakini swali la nani anashika kipimo halikubadilika.

LUMBESA YETU NA DEBE LAO

Hapa ndipo twapenda kusema waziwazi. Kila mkulima wa vitunguu ajua lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, hulijaza hata mdomo wake, kisha huliongezea kilemba cha nyavu na kamba, na gunia hilo likaitwa gunia moja, likalipwa kama gunia moja. Tumelalamika kwa miaka mingi, na kwa haki. Sheria ya Vipimo yakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi. Katika mikutano yetu mikuu hapana hoja inayopigiwa makofi zaidi ya hoja ya kukomesha lumbesa.

Sasa tutazame shamba la kahawa wakati wa mavuno. Mchumaji hulipwa kwa debe. Debe ni chombo kinachojulikana. Ni mtoto wa lile bati la mafuta ya taa la zamani. Lakini debe gani? La mfuto, yaani lililosawazishwa mdomoni, au lenye kilima juu? Katika mashamba mengi ya wanachama wetu, debe halihesabiwi kuwa limejaa mpaka matunda yaanze kuporomoka pembeni. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kilima kile chaongeza sehemu moja katika sita, basi mchumaji aliyejaza madebe sita amechuma saba, na la saba hakulipwa. Hiyo ndiyo lumbesa, ila sasa sisi ndio wanunuzi. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Hatusemi hivi ili kuwaaibisha wanachama. Mkulima mdogo si bwana wa shamba la mkonge. Mara nyingi yeye mwenyewe yumo mistarini akichuma pamoja na vibarua, na fedha yake haijafika. Malipo ya awali ya ushirika yakichelewa, naye huchelewa kuwalipa wachumaji. Na mchumaji aliyeahidiwa Jumamosi hulipwa baada ya miezi miwili, wakati deni lake dukani limekwisha kukua. Kwa sababu hiyo lawama haiwezi kutuliwa kichwani mwa mwanachama peke yake. Chama nacho kina sehemu yake.

JUHUDI HUFUATA KIPIMO

Wako wanaosema kwamba vibarua wa siku hizi hawana juhudi: huchuma mbichi na mbivu pamoja, huvunja matawi, huacha matunda juu ya mti. Malalamiko hayo yana ukweli, nasi hatuyakani. Kahawa nzuri yataka matunda mekundu, yaliyoiva sawasawa, yakamenywe siku ile ile. Tunda bichi huharibu ladha ya shehena nzima, na tawi lililokwanyuliwa hupunguza mavuno ya mwakani. Anayechukua ujira wa kuchuma mbivu kisha akachuma mbichi amechukua kisicho chake, kama vile mwajiri anayeongeza kilima juu ya debe.

Lakini tujiulize kipimo chetu chamfundisha nini mchumaji. Tukilipa kwa debe bila kutazama rangi, tumenunua haraka, nasi tutapewa haraka. Tukilipa debe la mbivu kwa bei bora na kulikataa la mchanganyiko mbele ya macho yake, tumenunua uangalifu. Vivyo hivyo katika vitunguu. Miche hupandikizwa mmoja mmoja, na palizi hufanywa kwa mkono kwa sababu mizizi haiendi chini sana. Anayelipwa kwa eneo tu, bila kukaguliwa kazi, atakimbia ili apate eneo jingine. Juhudi ya mtu wa kazi ni wajibu wake, lakini ni mwajiri anayechagua ni juhudi ya namna gani atakayoilipia.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kiwango cha saa 45 za kawaida kwa juma, na malipo ya saa za ziada kuwa mara moja na nusu. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa aumiaye kazini. Kwa upande wa kilimo, amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikaweka shilingi 140,000. Viwango hivi hubadilishwa kila baada ya muda, na ni kazi ya mwajiri kuuliza kipya ni kipi.

Mwanachama aweza kusema kwamba yeye haajiri kwa mwezi. Na iwe hivyo. Hesabu bado yawezekana. Shilingi 140,000 ukizigawa kwa siku 26 za kazi wapata takriban shilingi 5,385 kwa siku. Basi chini ya amri ile ya 2022, bei ya debe ilipaswa kuwa ya namna ambayo mchumaji wa kawaida, si hodari kupita wote wala si mgonjwa, aliyechuma siku nzima ya kawaida, hakurudi nyumbani na pungufu ya hapo. Kila amri mpya ikitoka, hesabu ifanywe upya hivyo hivyo. Ikiwa mchumaji wa kawaida hawezi kukifikia kiasi hicho ila kwa kumleta mkewe na mtoto wake wajaze debe lile lile, bei hiyo ni pungufu, hata kama jirani zetu wote wanalipa hivyo.

Na ujira si fedha tu. Anayepulizia dawa katika mashamba ya Mang'ola bila kinga ya pua na mikono hulipwa leo, akaulipia ujira huo kifuani mwake baadaye. Maji safi ya kunywa, kivuli cha kupumzikia, vifaa vya kujikinga na gari la kumpeleka majeruhi zahanati ni sehemu ya ujira. Wanunuzi wa ng'ambo nao huuliza mambo haya. Utaratibu wa Fairtrade una masharti yanayowahusu wakulima wadogo na masharti yanayowahusu watu walioajiriwa. Lakini isiwe lazima aje mgeni kutuuliza hali ya jirani yetu.

MIAKA KUMI IJAYO

Kwa kuwa kitabu hiki ni cha miaka kumi iliyopita na pia cha miaka inayokuja, twatoa mashauri manne kwa Halmashauri na kwa wanachama wote.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na debe la mfuto lenye mstari unaoonekana, liwekwe wazi ghalani, na kila mwanachama apime la kwake kwa hilo. Pili, kabla ya msimu kuanza, mkutano wa wanachama utangaze bei ya chini ya kuchuma debe la mbivu, na wachumaji waitwe wasikie na kusema neno lao. Tatu, Chama Kikuu kitenge katika malipo ya awali sehemu iliyo maalum kwa ujira wa mavuno, itoke mapema, ili mwanachama asiwe na sababu wala kisingizio cha kumchelewesha mtu wa kazi. Nne, Chama kianze nyumbani kwake: walinzi, makarani na wachukuzi wa maghala yetu wapate barua za ajira, siku zao za mapumziko na michango yao ya hifadhi, kwa kuwa chama kisicholipa vizuri hakina kinywa cha kumfundisha mwanachama.

Wako watakaosema kwamba mashauri haya yataongeza gharama. Ni kweli yataongeza. Tulipodai bei ya haki kwa kahawa yetu, nasi tuliongeza gharama za mnunuzi, wala hatukuona kwamba hiyo ni sababu ya kunyamaza. Na kama bei ya soko haitoshi kumlipa mchumaji kwa haki, basi hilo ni jambo la kupigania pamoja naye sokoni, si la kulificha juu ya debe lake.

Babu zetu waliukataa ujira wa Oldeani kwa sababu walikuwa na mashamba yao. Wengi wanaotuchumia leo hawana shamba, au wanalo dogo lisilotosha, na kwa hiyo hawawezi kukataa kama babu zetu walivyokataa. Asiyeweza kukataa hulindwa na mambo mawili tu: sheria ya nchi na haki iliyo moyoni mwa anayemwajiri. Sheria ipo. Lililobaki ni letu sisi wanachama, nalo laweza kuanza msimu huu, siku ya kwanza ya kuchuma, debe la kwanza litakapoletwa kupimwa.